Fimbo Iliyopinda ya Ndahani

Kosa langu la kwanza, nalitanguliza ili lisinisute nikiwa katikati ya maneno, ni kwamba nilimchongea mtoto wa miaka minane fimbo ya mpingo. Ilikuwa fimbo nzuri. Mpaka leo, mikono hii ikiwa imeshaachana na tezo, nikifumba macho naiona: imenyooka kama uzi uliofungwa jiwe, imesuguliwa kwa majani ya msasa siku tatu, inang'aa kama mgongo wa mende. Mtoto aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mjomba," akainyanyua kupiga tufe. Tufe likapita. Fimbo haikusimama, ikaendelea na safari yake, ikamzungusha, ikamwangusha kifudifudi, na kifundo cha mkono kikavimba kama kiazi.

Mtoto huyo ni Ndahani, mwana wa dada yangu. Ninyi vijana mnaoanza kuchonga, na ninyi wenye watoto wanaolilia kufundishwa kupiga tufe uani, nisikilizeni. Siandiki kwa kuwa nilikuwa hodari. Naandika kwa kuwa nilikosea karibu kila kinachoweza kukosewa, na bado tulishinda.

Kazi yangu ilikuwa mipini, na hakuna aliyenifundisha. Reli ilipokuwa inakaribia Dodoma, wakati wa Mdachi, vibarua walivunja mipini ya sururu kila kukicha, maana udongo wetu ukishakauka hauna huruma na mti. Niliokota mpini mmoja uliovunjika, nikaenda nao nyumbani Ipagala, nikakaa nao nikiutazama kama mgonjwa, mpaka nikapata kutengeneza unaofanana nao. Wa kwanza ulikataliwa. Wa pili ulikataliwa. Msimamizi wa Kidachi alikuwa na kipande cha bati kilichotobolewa tundu, na mpini usiopita sawasawa katika tundu lile aliutupa motoni mbele ya macho yako, bila neno. Nami nikajikatia bati langu la namna ile ile, nikalining'iniza shingoni. Hapo ndipo ugonjwa uliponiingia. Unywele mmoja wa mti uliozidi niliuona kama nyoka aliyejikunja mlangoni. Nilichonga huku najihukumu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, lakini dada aliniita Mzee Nyoosha.

"Mzee Nyoosha," alikuwa akisema tukikaa kula, "hilo tonge nalo utalipiga tezo?"

Dada aliolewa Hombolo. Huko mvua zikikatika na korongo likikauka, watu huchimba kisima mchangani, na maji huchuruzika taratibu kama machozi ya mtu anayejizuia. Kisima cha upande ule kilitumiwa na kaya mbili: ya dada, na ya jirani wa ng'ambo ya korongo. Kundi la mbuzi lililotangulia asubuhi lilikunywa maji meupe. Lililofuata lilisubiri kisima kijae tena hadi jua la utosi, kisha likanywa tope.

Kunywesha mbuzi ni kazi ya watoto, na zamani watoto waliamua nani atangulie kwa kupigana fimbo. Siku moja kichwa cha mmoja kikapasuka, habari zikafika bomani, na baba wawili wazima wakala viboko kwa ugomvi wa watoto wao. Wazee wakakaa, wakasema: tangu leo fimbo isipige mtu, ipige tufe. Mtaniuliza kwa nini wasipokezane siku. Walijaribu. Kila asubuhi kila upande uliapa kwamba jana haikuwa zamu yake. Basi ikawa hivi: mtama ukishapurwa, watoto wawili wa kila kaya husimama korongoni. Kila mmoja hurushiwa tufe mara tatu na mtoto wa upande wa pili. Tufe lenyewe ni nyuzi za gome la mbuyu zilizoviringwa na kushonewa ngozi ya mbuzi, ukubwa wa ngumi. Upande utakaovusha mara nyingi zaidi juu ya mstari wa mawe hutangulia kisimani kiangazi kizima. Aliyeshindwa hana pa kukata rufaa.

Mwaka ule wa mpingo tulishindwa vibaya. Mwendwa, dada yake Ndahani, alivusha moja. Ndahani, mkono umevimba, hakugusa hata moja. Mbuzi wa dada walikuwa kumi na wanne. Kiangazi kilipokwisha walikuwa sita. Shemeji yangu alikuwa mbali, pamoja na vibarua wa reli, na dada alikuwa na mtoto mchanga. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata nafuu. Alisema tu, siku moja akikamua, "Mdogo wangu, maziwa yangu mimi yamekauka. Hawa sita wakifa, huyu mtoto atakunywa nini?"

Mwaka uliofuata nikafunga tezo langu, nikaenda Hombolo mwezi mzima kabla ya siku ya tufe. Mlangoni watoto wakanipokea: "Shikamoo, mjomba!" Nami nikaitikia marahaba huku tayari namtazama Ndahani anavyosimama, nikaona miguu yake imekaa vibaya. Ndivyo nilivyokuwa.

Sasa sikilizeni namna ya kumharibu mtoto, kwa maana naijua barabara. Msimamishe. Mwambie, "Mguu wa kushoto mbele kidogo. Kidogo! Siyo sana. Kiwiko juu. Kidevu ndani. Macho kwa tufe. Pumua. Mbona hupumui?" Kisha nenda mbali, mrushie tufe kwa nguvu zako zote za mtu mzima, maana korongoni watarusha kwa nguvu. Likimpita, mrudishe mwanzo. Siku ya nne Ndahani alikuwa anafumba macho kabla sijarusha. Siku ya tano Mwendwa, aliyekuwa na ulimi kama wa mama yake, alinisogelea akanong'ona: "Mjomba, Ndahani ameniuliza kama mbuzi wakifa itakuwa ni yeye aliyewaua."

Nilipaswa kuacha pale pale. Badala yake nikasema, "Tazameni, nawaonyesha mara moja tu."

Tulikuwa tunajifunzia ndani ya ua wa tembe ili jirani asituone. Mwendwa akanirushia. Nikapiga. Na niwaambie ukweli, lilikuwa pigo safi kuliko yote niliyowahi kupiga: kiwiko juu, kidevu ndani. Tufe likaruka mpaka ukutani, likaingia katika mtungi wa pombe. Siyo ndani ya mdomo wake. Ubavuni. Mtungi ukapasuka, na pombe yote ya mtama, ile aliyoipika dada kwa ajili ya watu watakaokuja kumsaidia kupura, ikamwagika ardhini mbele ya kuku.

Watoto wakacheka hadi wakakaa chini. Sikuwa nimewasikia wakicheka tangu nifike.

Dada alitoka na mwanawe mgongoni, akatazama vigae, akatazama kuku wanaonywa, akanitazama mimi. "Afadhali mmoja wenu anajua kulenga," alisema. Kisha: "Pombe hakuna, wapuraji hakuna. Mtapura ninyi."

Hivi ndivyo kosa lilivyonifanyia wema. Kesho yake tulikuwa uwanjani, mimi, dada na watoto, kila mtu na fimbo yake, masuke yametandazwa mbele yetu. Dada akaanzisha wimbo wa kupura. Kwao huimbwa kwa Kigogo, lakini maneno yake ni kama haya: "Makapi nendeni, punje bakini!" Kwenye "nendeni" fimbo iko juu, kwenye "punje" inashuka. Nami nikiwa nahema na mgongo unaniuma, nikageuza shingo nikamwona Ndahani.

Wanangu, mtoto alikuwa anapiga. Kisigino chake cha nyuma kinainuka, nyonga zinageuka kwanza, mikono inafuata, fimbo inashuka mahali alipopataka, na macho yako wazi ingawa makapi yanaruka kila upande. Kiwiko sijui kilikuwa wapi. Hakuna aliyekitafuta.

"Ndahani, nani kakufundisha hivyo?"

"Hivyo vipi, mjomba?"

Nikafunga mdomo. Naomba mnikumbuke kwa hilo, maana lilikuwa jambo gumu kuliko kuchonga mipini mia.

Ukingoni mwa uwanja kulikuwa na matango mwitu yaliyosazwa na mbuzi, laini, yameanza kuoza. Nikaokota moja. Nikachuchumaa karibu naye, hatua tatu tu, na wimbo ulipofika kwenye "nendeni" nikalirusha taratibu kutoka chini, kama unavyomrushia mtu kipande cha muhogo. Kwenye "punje" fimbo ikalikuta. Tango likapasuka, mbegu zote zikanijaa usoni, ndevuni, mdomoni.

Ndahani akaganda, akidhani nitaanza habari za mguu wa kushoto.

"Hilo tamu," nikasema nikitema mbegu. "Lete lingine."

Tangu siku hiyo tulijifunza namna nyingine, na nitawaeleza ninyi mnaotaka kuijaribu kwenu. Anza na kitu laini, kinachopasuka. Mtoto akijua kitu hakitamuumiza, macho yake hayafumbi, na kishindo cha kupasuka kinamlipa papo hapo. Rusha ukiwa karibu, umechuchumaa, kutoka chini kwenda juu, na usiongeze umbali mpaka mwenyewe akuambie, "Mjomba, mbona unanirushia kama mtoto?" Wimbo uwepo. Mtoto anayeimba hana nafasi ya kuogopa, kwa maana mdomo wake una kazi. Na acheni wakiwa bado wanataka. Hili nililipata kwa dada, si kwa akili yangu. Alikuwa anawaita wakachunge wakati ambapo kila mmoja ana hamu ya pigo moja la mwisho, na kesho yake walikuwa wananiamsha wao.

Mwendwa ndiye aliyeleta ng'ombe. Alichora mistari uwanjani: tango likianguka karibu umepata kuku, likifika kwenye kichuguu umepata mbuzi, likivuka zizi umepata ng'ombe. Ukikosa, fisi amepita na mmoja wako. Baada ya siku kumi Ndahani alikuwa tajiri mkubwa kuliko mtu yeyote wa Hombolo, na Mwendwa alikuwa amemwoza wake wawili. Mimi nilikuwa na kuku mmoja, kisha fisi akampitia.

"Pole, mjomba," Mwendwa akaniambia. "Tutakuajiri uchunge."

Nikaanza pia kuchonga upya. Safari hii nilitumia mkole, mti mwepesi unaokubali kupinda kidogo bila kukatika. Kipimo ni hiki, na hakijanidanganya tangu hapo: fimbo ikisimama chini imfikie mtoto kiunoni, na aweze kuinyoosha mbele kwa mkono mmoja huku anaimba wimbo wa kupura mara tatu. Ncha ikianza kuinama kabla ya mara ya tatu, punguza mti. Usimwambie akaze mkono. Mti ndio wenye kosa.

Miaka mingi baadaye mfanyabiashara mmoja wa Kondoa, mtu wa asali, alinikuta napima watoto hivyo akacheka: "Mzee, mti unapimwa kwa mti, unapimaje kwa wimbo?" Akanunua hata hivyo. Msimu uliofuata alirudi kuchukua nyingine sita za wanawe, na sikumsikia akicheka.

Narudi Hombolo. Mwendwa alipokea fimbo yake ya mkole kwa furaha. Ya Ndahani niliipa siku mbili zaidi, nikaipeleka imefungwa kwa kitambaa. Aliigeuza, akaishika, akairudisha kwa adabu.

"Mjomba, mimi nitapiga na ile yangu."

Ile yake ilikuwa fimbo ya kupuria. Aliikata mwenyewe kichakani. Ganda halijabanduliwa, katikati ina kifundo, na mbele imepinda kama shingo ya ngamia. Kwa siku tatu zilizobaki, kila alipoiweka chini mkono wangu ulikuwa unatafuta tezo. Nilijiambia nitaondoa kifundo tu. Nitanyoosha ile ncha tu. Asubuhi ya siku yenyewe dada alinikuta nimeipakata, bati langu mkononi, napitisha mpini wake katika tundu. Haukupita, bila shaka.

"Iweke chini," alisema.

"Dada, ina kasoro tano. Nimezihesabu."

"Nawe unazo ngapi? Nani alikuchonga?" Akaitwaa, akaenda nayo.

Korongoni watu walijaa pande zote mbili. Mrushaji wa ng'ambo alikuwa Chilewa, mvulana wa miaka kumi na mitatu, mabega yameshaanza kuwa ya kiume. Alipoiona fimbo ya Ndahani akamsalimu kwa Kigogo, kwa sauti ili wote wasikie: "Mbukwa, fundi! Mjomba wa mipini ya reli ameishiwa miti? Au hiyo ni ya kupekechea uji?"

Watu wa upande wake wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona haya kwa ajili ya fimbo, si kwa ajili ya mtoto.

Wao walitangulia kupiga. Mwendwa akawarushia vizuri, lakini walivusha tatu katika sita. Kisha ikawa zamu yetu. Mwendwa akavusha la kwanza, akavusha la pili, la tatu likagonga mawe likarudi. Mbili. Akasimama Ndahani. Akivusha moja tungelingana, na desturi ni kwamba mkilingana aliyetangulia mwaka jana hutangulia tena. Alihitaji mbili katika tatu. Mwaka uliopita hakugusa hata moja.

Nilimwona anainua fimbo. Nilikiona kiwiko. Na kabla sijajijua, mdomo wangu ukafunguka: "Kiwiko, Ndahani! Kiwiko juu!"

Alinyanyua kiwiko. Alifumba macho. Tufe likapita kama ndege.

Ng'ambo wakapiga vigelegele. Ndahani hakunitazama, na hilo lilinichoma zaidi kuliko angenitazama. Dada alikuja akasimama ubavuni mwangu, mtoto mgongoni, akasema polepole kabisa, "Nyamaza, au nenda nyumbani."

Sikwenda nyumbani. Lakini sikujua la kufanya na mwili wangu, wanangu. Mtu aliyezoea kurekebisha akikatazwa kurekebisha, mikono yake humwasha. Pale chini kulikuwa na fimbo ya mpingo, ile ile ya mwaka jana. Dada alikuwa anaitumia kuswagia mbuzi. Nikaiokota, nikaanza kupiga nayo mchanga mgumu wa ukingoni. Juu. Chini. Juu. Chini. Mlio wa uwanja wa kupuria.

Dada akaelewa kabla yangu. "Makapi nendeni," akaimba.

"Punje bakini!" akaitikia Mwendwa.

Chilewa akasita, akarusha. Nilikuwa nimepanga kutotazama, nikatazama. Ndahani midomo yake inacheza, kisigino kinainuka, macho yako wazi kama ya kondoo. Kwenye "punje" ile fimbo mbaya, yenye ganda, yenye kifundo, ikalikuta tufe, nalo likavuka mawe na nafasi ikabaki.

"Bahati!" akafoka Chilewa.

"Rusha," akasema Ndahani. Hilo tu. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye ng'ombe wengi.

Chilewa akarudi nyuma hatua mbili akakimbia nalo, akalitupa kwa nguvu zake zote. Niliacha kupiga mchanga. Dada aliacha kuimba. Ndahani peke yake aliendelea, tukamsikia, kisauti chembamba katikati ya korongo zima, "...nendeni, punje..." na mlio wa fimbo ukafunika neno la mwisho. Tufe lilipita juu ya kichwa cha Chilewa, likapita mstari wa mawe, likapita na mbuzi wao waliokuwa wanangojea maji, likaangukia kwenye miiba ya ng'ambo. Mpaka leo hakuna aliyelitoa.

Mwendwa alikuwa wa kwanza kumfikia. "Ng'ombe!" alikuwa anapiga kelele. "Ng'ombe, ng'ombe, zizi zima!" Hata Chilewa alikuja akaomba kuishika ile fimbo. Akaigeuza, akaipima mkononi, akatikisa kichwa. "Imepinda," akasema.

"Ndiyo," Ndahani akamjibu, "lakini mimi naijua inapopindia."

Dada hakungoja kesho. Alitelemka na mbuzi wake sita saa ile ile, watu wakampisha njia, akachota kwa kata akawamiminia. Maji yalikuwa meupe, ungeweza kuhesabu chembe za mchanga chini yake. Mbuzi wakanywa mpaka matumbo yakalia. Kiangazi kile hakufa hata mmoja, na mtoto aliyekuwa mgongoni sasa ana wajukuu. Ndahani alipomaliza kupongezwa alikuja akakaa karibu nami. Nikamwambia, "Nisamehe kwa kiwiko." Akasema, "Nilikusikia ulipoanza kupiga chini, mjomba. Hapo ndipo nilipojua umenyamaza."

Jioni ile nililivua bati shingoni nikampa dada azibie tundu la panya ghalani. Nimechonga mipini na fimbo za watoto miaka mingi tangu hapo, mpaka mipini ya viwandani ilipoanza kushushwa kwa treni na macho yangu yakakataa kazi. Katika miaka hiyo yote nilipima mkono wa mtu kwanza, mti baadaye, na mtoto akishasimama kupiga, mimi nilinyamaza.